Mikongo Mingi, Njia Ileile

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, asubuhi, mikongo miwili ya intaneti ilikatika chini ya bahari karibu na pwani ya KwaZulu-Natal, kaskazini ya Durban. Mmoja ni EASSy, mwingine Seacom. Kabla ya adhuhuri Tanzania nzima ilikuwa inatazama kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo cha simu. NetBlocks, wanaofuatilia hali ya mtandao duniani, waliiweka Tanzania na Mayotte kwenye kundi la walioumia zaidi. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ukatangaza kwamba tarehe 14 na 15 hautapokea watu, kwa sababu mtandao wake unasuasua. Waliokuwa wamenunua bando asubuhi hiyohiyo walidhani wameibiwa, na kusema kweli huwezi kuwalaumu.

Habari ile ilikaa magazetini kama wiki mbili, halafu ikasukumwa kando. Mimi ilinikaa kichwani. Kazi yangu ni kufunga mifumo ya mauzo kwenye maduka na famasi, kwa hiyo mtandao ukilala, wateja hawampigii nahodha wa meli ya matengenezo, wananipigia mimi. Tangu wakati ule nasoma kila kinachoandikwa kuhusu nyaya hizi, na kuna jambo moja naona halisemwi vya kutosha. Kila mkongo mpya unapofika pwani, viongozi hupiga picha ufukweni, hotuba hutolewa, na tunaambiwa sasa shida imekwisha. Lakini shida yetu haijawahi kuwa uchache wa mikongo. Mikongo tunayo, ila yote inapita palepale.

TEAMS uliingia Mombasa Juni 2009 ukitokea Fujairah, Falme za Kiarabu. Mwezi uliofuata Seacom ukawashwa, na mwaka 2010 ukaja EASSy. Baadaye Mombasa ikapokea DARE1 kutoka Djibouti, kisha PEACE. Juu ya hiyo kuna 2Africa, lile jitu la kilomita 45,000 linalozunguka bara zima kwa fedha za Meta na wenzake, ambalo limefika Mombasa na Dar es Salaam. Kwa mtu aliyeionja intaneti ya kabla ya 2009, tuliyoletewa na setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta, ambako unasema "haloo" na mwenzako anaisikia umeshaanza kusema jambo jingine, huu ni utajiri.

Sasa chukua ramani ufuatishe kwa kidole. Ukitoka Dar kwenda kaskazini, lazima upenye Bab el-Mandeb, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Yemen na Djibouti, upande Bahari ya Shamu, utokee Misri. Ukienda kusini, unafika Mtunzini, mji mdogo wa pwani ya KwaZulu-Natal, ambako Seacom na EASSy zote mbili zinapanda nchi kavu. Hata TEAMS, pamoja na kujitenga kwake kwenda Ghuba, ukishafika Fujairah mzigo wa kwenda Ulaya unarudi kwa sehemu kubwa kwenye Bahari ya Shamu ileile. Malango ni mawili.

Na malango haya hatukuyachagua sisi. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Waingereza lilichapwa na Wazulu pale Isandlwana. Habari ilifika London tarehe 11 Februari, siku ishirini baadaye, kwa kuwa Afrika Kusini haikuwa na waya wa simu za maandishi kwenda Ulaya. Ujumbe ulipanda meli mpaka ulipoukuta waya huko Atlantiki. Kwa dola iliyojiona inatawala bahari zote, hiyo ilikuwa aibu, na aibu ya wakubwa huwa inapata bajeti haraka. Mwaka huohuo kampuni ya Eastern and South African Telegraph ikalaza waya kutoka Durban kupitia Delagoa Bay, yaani Maputo ya leo, ukapita Msumbiji, ukapanda Zanzibar, ukaishia Aden. Kutoka Aden njia ya kwenda Suez ilikuwepo tayari. Unguja ya Sayyid Barghash ikawa inaongea na London kwa waya kabla Dar es Salaam haijawa mji wa kutajwa.

Linganisha orodha hiyo na vituo vya Seacom: Mtunzini, Maputo, Dar es Salaam, Mombasa, Djibouti, Misri. Miaka zaidi ya mia na arobaini imepita, shaba imekuwa kioo, nukta na vistari vimekuwa video za mapishi, lakini njia ni ileile iliyopimwa kwa ajili ya vita vya Wazulu. Jengo la kampuni ya simu pale Shangani sasa ni hoteli. Sina ugomvi na historia. Bahari ina kina mahali pake na miamba mahali pake, na aliyetangulia aliona pazuri pa kupita. Ninachosema ni kwamba unapojenga barabara ya sita juu ya njia ya mguu ya kwanza, usishangae mti mmoja ukianguka ukafunga zote.

Tazama mwaka 2024 ulivyokwenda. Tarehe 18 Februari meli ya mizigo iitwayo Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi, waasi wa Yemen, karibu na Bab el-Mandeb. Mabaharia wakaiacha, nanga ikiwa imeshushwa. Meli isiyo na mtu ikawa inaelea na upepo, nanga inakwaruza sakafu ya bahari, na tarehe 24 Februari mikongo mitatu ikakatika: AAE-1, EIG na mkono wa kaskazini wa Seacom. Rubymar yenyewe ikazama tarehe 2 Machi. Kutengeneza nyaya zile kulichukua miezi, na sababu kubwa haikuwa ufundi. Yemen ina serikali mbili zinazopigana, na meli ya matengenezo haiwezi kusimama siku kadhaa kwenye maji ya vita bila vibali na bila bima inayokubali kuibeba.

Basi mzigo wa Afrika Mashariki ukageuzwa kusini. Ushuke Afrika Kusini, uzunguke Rasi ya Tumaini Jema, upande pwani ya magharibi mpaka Ulaya. Tarehe 14 Machi, mbele ya Abidjan, udongo wa sakafu ya bahari ukaporomoka kwenye korongo refu lililoko pale, na mikongo minne ya magharibi ikakatika kwa mpigo: WACS, MainOne, ACE na SAT-3. Ghana, Ivory Coast, Liberia na Benin zikawa gizani. Sisi huku hatukusikia kitu kikubwa, tukasema pole yao. Miezi miwili baadaye ikaja ile Jumapili ya Mei. Kwa Seacom lango la kaskazini lilikuwa bado limevunjika, na sasa la kusini likafungwa. Aliyekuwa anauliza kwa nini mikongo miwili tu imeangusha nchi nzima, jibu lilikuwa limeanza kuandikwa Februari.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Februari 2012 mikongo ilikatika Bahari ya Shamu, na kabla haijatengenezwa, meli iliyokuwa inangoja kuingia bandari ya Mombasa ikashusha nanga mahali palipokatazwa, ikaukata TEAMS. Watu wengi wakisikia mkongo umekatika huwaza papa, au adui mwenye nyambizi. Duniani kote hutokea hitilafu kati ya 150 na 200 kwa mwaka, na karibu robo tatu au zaidi husababishwa na nyavu za kuburuta na nanga. Yaani wavuvi na mabaharia walio kazini, ambao hawajui kilichoko chini yao.

Nimewahi kushika kipande cha mkongo wa bahari kuu, kilichowekwa mezani kwa maonyesho. Nilitegemea kitu cha kutisha. Kumbe unene wake ni ule wa mpira wa kumwagilia bustani. Ukiukata unaona tabaka. Nje kuna plastiki nyeupe iliyoshikamana barabara. Ndani yake kuna bomba jembamba la shaba, linalobeba umeme wa maelfu ya volti, kwa kuwa kila baada ya kilomita 60 hadi 100 kuna kifaa cha kuuongezea mwanga nguvu, na kifaa hicho hakina soketi ya kuchomeka huko chini. Ndani zaidi kuna waya za chuma cha pua zilizosokotana, na katikati kabisa kijibomba chenye mafuta mazito, humo ndimo zimelala nyuzi za vioo, kila mmoja na kijalada chake kama robo ya milimita. Hizo nyuzi chache ndizo zilizobeba mishahara, mitihani, matusi na maombi ya watu milioni mia kadhaa. Karibu na ufukwe mkongo hunenepeshwa kwa nyaya nyingine za chuma kwa nje, kwa sababu huko ndiko nanga ziliko. Kwenye kina kirefu huachwa mwembamba, maana hakuna wa kuufikia.

Ukikatika, kazi ya kwanza inafanyikia nchi kavu. Fundi kituoni anatuma mwanga kwenye uzi na kupima muda mpaka mwangwi wake urudi. Mwanga ndani ya kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo ni hesabu ya kuzidisha na kugawa tu, na mahali pa mkato panajulikana kabla meli haijaondoka bandarini. Baada ya hapo ni kazi ya suluba. Meli iliyokwenda Natal ni Léon Thévenin ya Wafaransa, yenye makao Cape Town. Ina urefu wa mita 107 na iliundwa mwaka 1983. (Waliosoma umeme chuoni wameshashtuka. Ndiyo, ni yule Thévenin wa mtihani wa mwaka wa kwanza, na meli ilizaliwa miaka mia baada ya kanuni yake.) Ni hiyohiyo iliyokuwa imetumwa Afrika Magharibi mwezi Machi. Meli ya umri huo, ikitoka kushona upande mmoja wa bara inakuja kushona upande mwingine.

Ikifika, inaburuta ndoano kubwa ya chuma sakafuni mpaka inase mkongo. Kwenye kina kirefu hauwezi kuuvuta mzima, hauna ulegevu wa kutosha, kwa hiyo ndoano yenyewe ina kisu: inaukata kwanza, kisha inapandisha upande mmoja. Upande huo unapimwa mpaka kituoni, ukiwa mzima unafungwa usiingie maji, unarudishwa baharini ukining'inia kwenye boya. Meli inakwenda kutafuta upande wa pili. Ukipatikana, unaunganishwa na kipande kipya kutoka kwenye matangi ya meli, na sasa wanaingia watu wawili au watatu kwenye chumba safi, wanavua koti la kila uzi, wanausafisha, wanaukata ncha iwe bapa kabisa, wanaupanga uso kwa uso na mwenzake chini ya darubini, na mashine inawayeyusha pamoja kwa cheche. Uzi kwa uzi. Kisha plastiki inamiminwa upya juu ya kiungo na kupigwa eksirei, isije ikawa imebaki kipovu cha hewa ambacho shinikizo la maji litakigeuza kuwa ufa. Meli wakati wote huo inatakiwa itulie mahali pamoja, na bahari ikichafuka, kila kitu kinasimama. Mwisho wanarudi kwenye boya, wanafanya kiungo cha pili, na kitanzi cha mkongo uliozidi kinashushwa pembeni taratibu. Ndiyo maana mkongo wowote uliowahi kutengenezwa ni mrefu kuliko ulivyolazwa siku ya kwanza. Ilipofika mapema Juni, yote miwili ilikuwa imerudi.

Siku zile za Mei nilipata somo jingine dukani. Nina mteja mwenye famasi Mwenge, mfumo wake wa stoo unaishi kwenye seva iliyoko Ulaya, kama ya wengi wetu, maana huko ndiko bei nafuu. Muuzaji alitoa daftari la kaunta, akapiga mistari kwa rula: dawa, idadi, bei. Mgonjwa aliyekuja na cheti anataka kulipa kwa programu ya benki, haifunguki. Akapiga nyota, namba, reli. Ujumbe ukaingia, dawa ikatolewa. Ile menyu ya zamani, ambayo vijana wa teknolojia tunaicheka, haikuhitaji kutoka nje ya nchi. Inatembea kwenye mitambo ya simu ya hapahapa. Dawa ya Mwenge, mnunuzi wa Sinza, pesa ya shilingi, na bado kumbukumbu ya stoo ilikuwa lazima isafiri hadi Ulaya na kurudi. Mkongo wa Durban uliingiaje kwenye shughuli hiyo?

Jibu la swali hilo lina jengo. Nairobi wana KIXP, Dar tuna TIX: ni vituo ambako kampuni za intaneti zinabadilishana mizigo ya ndani bila kuipeleka ng'ambo. KIXP kilifunguliwa Novemba 2000, kampuni ya simu ya taifa ikalalamika kwa mdhibiti kwamba inavunjiwa haki yake, kikafungwa baada ya muda mfupi, kikarudi 2002. Wakati huo barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area ilikuwa inapanda setilaiti na kushuka bara jingine kabla ya kumfikia jirani. Vituo vipo, lakini kama seva yenyewe iko Ulaya, kituo hakina cha kubadilishana. Kila mara serikali inapozindua mfumo mpya wa raia, swali langu la kwanza siku hizi ni unakaa wapi. Nimeanza kuwahamishia wateja wangu seva za Dar. Wanalipa zaidi, wananinung'unikia, nawaonyesha lile daftari la kaunta.

Wapo wanaosema haya yote ni mambo ya kizamani, setilaiti za Starlink zimemaliza kazi. Rwanda na Kenya zinazo tangu 2023, na kwa shule ya kijijini au mtalii wa Mara ni neema. Lakini 2Africa umesanifiwa kubeba hadi terabiti 180 kwa sekunde kwenye baadhi ya vipande, wakati setilaiti moja bado tunaihesabu kwa gigabiti, na terabiti moja ni gigabiti elfu. Tena mawimbi ya setilaiti nayo yanashuka kwenye vituo vya ardhini, na vituo hivyo vimechomekwa kwenye faiba. Ni tairi la akiba zuri. Huwezi kupakia lori la Tunduma juu yake.

Kinachonipa matumaini zaidi kiko nchi kavu. Tarehe 23 Mei 2024, Natal bado haijashonwa, Google walitangaza njia waliyoiita Umoja: inaanzia Kenya, inapita Uganda, Rwanda, Kongo, Zambia na Zimbabwe mpaka Afrika Kusini, kisha inavuka Bahari ya Hindi kwenda Australia. Australia! Hapa mtu anatutoa kwa mlango ambao si Bab el-Mandeb wala si pwani ya magharibi. Ukiichora kwenye ramani utaona imeizunguka Tanzania kama mtu anayekwepa dimbwi. Sijasikia maelezo ya kuniridhisha, hasa ukizingatia kwamba Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano tayari unafika mipaka ya karibu majirani wote hao. Faiba ya ardhini ina maradhi yake, nakubali. Greda la barabara halina huruma, na wezi huichimba wakidhani kuna shaba ya kuuza. Lakini ya ardhini fundi anaifikia kwa pikipiki, siku hiyohiyo, bila kuomba kibali kwa serikali mbili zinazopigana.

Na kuna kukatika ambako hakuna mkongo unaoweza kukutibu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ya Tanzania ilizimwa kwa siku kadhaa, na bahari ilikuwa shwari kabisa. Naliweka hili hapa kwa kuwa kila ninapozungumzia mikongo, kuna mtu huniuliza, na ana haki ya kuuliza.

Bahari ya Shamu yenyewe haijatulia. Septemba 6, 2025, nyaya zilikatika tena karibu na Jeddah, safari hii SMW4 na IMEWE, na Microsoft wakawatahadharisha wateja wao kwamba huduma zitachelewa. Mnamo Novemba 2025 Meta walitangaza kukamilika kwa mhimili wa 2Africa, lakini kipande cha kusini mwa Bahari ya Shamu kilikuwa bado hakijalazwa. Jitu la kilomita 45,000, lenye pesa za kampuni tajiri kuliko nchi nyingi, limekwama mahali palepale alipokwama kila mtu.

Kwa hiyo nina swali ambalo ninawahimiza wenye biashara wawaulize wanaowauzia intaneti, kabla ya swali la bei na kasi: mzigo wangu unatoka nchini kwa njia gani, na ya pili ni ipi? Kama ya kwanza na ya pili zote zinaishia Mtunzini, umeuziwa njia moja kwa bei ya mbili. Wiki iliyopita niliipigia kampuni inayonihudumia, nikauliza hivyohivyo. Dada wa huduma kwa wateja alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akaniambia nizime ruta, nihesabu hadi thelathini, kisha niwashe.